Jaketi Lililokunywa Maji

Siku ya nne baada ya mazishi, waombolezaji wakiwa bado wamejaa sebuleni, mtu wa kampuni ya vifurushi alibisha hodi akiwa na kiroba kilichofungwa kwa kamba. Alitaka sahihi. Mama hakuweza hata kushika kalamu, kwa hiyo binti yake mkubwa akatia sahihi, akakibeba kiroba hadi chumbani na kuufunga mlango kwa mgongo.

Huyo binti mtaa mzima ulimwita Fundi, bila la kuongeza. Alishona maturubai ya malori, mahema, vifuniko vya boti na majaketi ya kuokolea maisha. Miaka kumi na tisa alikuwa ameinamia cherehani moja nzito ya chuma, hata bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kushoto.

Ndani ya kiroba alikuta viatu, suruali, kofia, na chini kabisa jaketi la rangi ya chungwa lenye mchanga wa mto kwenye mishono. Vilikuwa vitu vya mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, kijana aliyeitwa Kicheko kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amenuna hadi jua likazama. Alikuwa amekwenda kutalii nchi ya jirani, ambako lugha ni ileile ila lafudhi inapinda. Asubuhi angepanda tembo, mchana angeshuka mtoni kwa boti la mpira. Alirudishwa ndani ya sanduku.

Pamoja na maiti ilikuja barua. Kampuni iliandika kwamba inasikitika sana, na kwamba "mgeni wetu, kwa utundu wa ujana, alivua jaketi lake katikati ya maji makali licha ya kuonywa mara tatu." Mama alisomewa barua ile mara moja tu, akaziba masikio. Ndugu wengine walitikisa vichwa. Kicheko na utani wake, jamani! Fundi mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa karibu kuamini.

Alilichukua jaketi ili tu alinuse, apate harufu ya mdogo wake. Alilikumbatia. Hapo ndipo mikono yake ilipotambua jambo ambalo macho hayakuwa yameliona. Jaketi zuri ukilibana linakataa, linakurudishia vidole vyako. Hili lilikubali. Vidole viliingia vikabaki humo, kama kwenye mto wa kulalia.

Kesho yake alifungua karakana mapema, akaliweka jaketi mezani, akachukua kisu chake kidogo cha kufumulia na kukata uzi wa ubavuni. Ndani hapakuwa na lile povu gumu lisilopitisha maji. Kulikuwa na vipande vya godoro kuukuu, vingine vikiwa bado vimeshikamana na kitambaa cha maua. Alijaza maji kwenye karai, akatumbukiza upande ambao hakuufumua. Ulielea kidogo, kama unaofikiria. Kisha ukaanza kunywa. Alipojaribu kuuinua ilimbidi atumie mikono yote miwili.

Na vifungo vyote vya mbele vilikuwa vimefungwa. Vitatu, na mkanda wa chini umekazwa. Mtu aliyevua jaketi haachi vifungo vimefungwa.

"Wamemuua," alisema peke yake karakanani, "halafu wakamsingizia."

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyechagua. Kicheko alikuwa amemtumia picha mbili kwenye simu na kumwambia, "Dada, nichagulie, mimi nikichagua mwenyewe nitakosea." Kambi moja iliandika kwamba wageni hutazama tembo kwa mbali, hakuna kupanda, hakuna kuoga nao, na kwamba mtoni haendi mtu kabla ya kufundishwa nusu saa na kupimiwa jaketi. Kambi ya pili ilikuwa na picha ya mwanamume mnene mwenye tabasamu pana, amevaa jaketi la bluu lenye neno MJOMBA mgongoni kwa herufi nyeupe, amegeuza uso juu ya bega huku amemkumbatia mtoto wa tembo. "Panda tembo, shuka mtoni, kula, rudi unacheka!" Fundi aliona ile ya kwanza kama darasa la jioni. Akajibu, "Nenda kwa Mjomba. Utafurahi."

Alilalamika kwanza kwa njia za kawaida, asije akasemwa. Aliandikia polisi, akaandikia ubalozi, akaandikia ofisi ya utalii ya nchi ile. Kwa miezi mitano alijibiwa na watu watatu tofauti kwa sentensi moja: suala limefungwa. Jibu la tatu lilipofika hakulia. Alikata kitambaa cha bluu.

Alitafuta picha za Mjomba za mbele na za nyuma, akazikuza hadi akaweza kuhesabu mishono. Alishona jaketi sawasawa na lile, kola ileile, mifuko ileile, MJOMBA kwa herufi nyeupe mgongoni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Kisha akatoa godoro alilokuwa analalia Kicheko, akalikatakata vipande vidogo, akavijaza ndani ya jaketi na kulifunga kwa uzi wa nailoni.

"Unakwenda kufanya nini huko?" Mama alimuuliza, akimwona anapanga mkoba.

"Kutalii, Mama."

"Mwanangu, mimi nimebaki na wewe tu."

"Nitarudi."

"Sikukuuliza kama utarudi. Nimekuuliza unakwenda kufanya nini."

Fundi alifunga zipu ya mkoba. Mama akaondoka bila kumtakia safari njema.

Gari la kampuni liliwachukua wageni kumi na wanne mbele ya nyumba ya kulala wageni. Fundi alikaa karibu na mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyesafiri na mumewe kusherehekea miaka arobaini ya ndoa. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno. Alieleza habari za magoti yake, za wajukuu, za jinsi mumewe anavyokoroma hata akiwa macho.

"Na maji nayaogopa, mwenzangu! Lakini nilipoiona ile picha ya mtoto wa tembo nikasema, hapahapa. Mtu anayependa wanyama hivyo hawezi kuwa mbaya kwa watu. Au sivyo?"

"Sijui, Mwalimu," alisema Fundi, akageukia dirishani.

Mjomba aliwapokea getini mikono imefunguliwa. Alikuwa mcheshi kwelikweli. Aliwaita wazee "wakwe zangu," akamwita Fundi "bibie mpole," akawaambia waache mizigo yao ofisini maana tembo hapendi mikoba. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni iliyokatika panga moja, na msumari mlangoni. Kwenye msumari lilitundikwa jaketi la bluu.

Fundi alibaki nyuma ya wenzake kana kwamba anafunga kamba za viatu. Kubadilisha hakukuchukua muda wa kuvuta pumzi tatu. Jaketi la kweli, gumu kwa povu zuri, liliingia mkobani mwake. La godoro likabaki msumarini. Alipotoka nje mikono ilikuwa mikavu na moyo umetulia, na utulivu ule ulimpendeza.

Tembo walikuwa wanne, wamefungwa minyororo ya miguu kwenye banda la mabati. Migongoni walikuwa na viti vya mbao vilivyokazwa kwa mikanda ya turubai. Wageni walianza kupiga picha. Fundi alitazama mikanda, maana ndiyo kazi yake. Ilikuwa imeshonwa vibaya, pindo limekatika, na pale ilipopita chini ya kwapa la tembo jike mkubwa ngozi iling'aa kwa weusi usio wa kawaida. Alipapasa pale kwa kidole. Kidole kilitoka cheusi, na chini ya weusi palikuwa na utelezi mwekundu.

"Ni dawa ya viatu," ilisema sauti nyuma yake. "Tunapaka kila asubuhi, wageni wasione."

Alikuwa mtunza tembo, mwanamke mrefu, mkavu, ameshika fimbo yenye kulabu ya chuma kichwani. Aliishika kwa mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenziwe.

"Wewe si mtalii," akaendelea kwa sauti ya chini. "Watalii hutazama macho ya tembo. Wewe umetazama mshono."

Fundi alikifuta kidole kwenye nguo yake.

"Na una pua yake," alisema mtunza tembo. "Yule kijana aliyecheka hata alipoangushwa na tembo."

Fundi alishika ukingo wa banda. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nawaogesha hawa kule chini mtoni. Boti lilipinduka kwenye jiwe la pili. Wenzake wawili walishika kamba. Yeye alikuwa anajua kuogelea, nilimwona akipiga mikono, lakini kila akiinuka linamrudisha. Alipiga kelele neno moja tu: 'Linanivuta!' Nilipomfikia alikuwa ameshanyamaza. Mimi ndiye niliyemtoa. Mimi ndiye niliyemvua."

"Walituandikia kwamba alilivua mwenyewe."

"Najua walichoandika. Ndiyo maana nikalifunga tena vifungo vyote, nikalitia kwenye kiroba pamoja na viatu. Nilijiambia, huko kwao hakosekani mtu mmoja mwenye macho." Alitazama chini. "Nilipaswa kusema kwa mdomo. Lakini nina watoto watatu, na mtu huyu kila ofisi ina rafiki yake."

Kama Fundi alikuwa amebakiwa na chembe ya huruma kwa Mjomba, ilikufa pale bandani. Alijiona tayari amesimama ukingoni, akitazama kichwa kile kinene kikiinuka, kikirudishwa, kikiinuka. Angemwacha aite. Angemwambia, "Ulivua mwenyewe, Mjomba. Kwa utundu."

Hakupanda tembo. Alisema ana kizunguzungu.

Saa sita walishuka mtoni. Boti mbili za mpira zilikuwa zimefungwa kwenye kigingi, na kando yake lundo la majaketi ya rangi ya chungwa. Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi: Mjomba alipiga makofi mara mbili akasema, "Shikeni kamba, chekeni sana, mengine niachieni mimi!" Watu wakacheka. Alikuwa amevaa la bluu. Lilimkaa vizuri mno.

Fundi alisogea akae boti moja naye.

Ndipo Mwalimu akaanza kuhangaika. Alijaribu jaketi la kwanza, halikufika mbele. La pili vilevile. La tatu kifungo kilikatika kikabaki mkononi mwake. Uso ulianza kumtoka jasho. "Basi mimi nibaki," alisema, akimtazama mumewe kwa aibu. "Nendeni tu, nitawapungia mkono."

"Hapana! Mkwe wangu abaki ardhini mimi nikiwa hai?" Mjomba alilia kwa mbwembwe. Akafungua vifungo vyake, akavua jaketi la bluu, akamzungushia Mwalimu mabegani. "Vaa la kwangu. Hili ndilo zuri kuliko yote. Mimi ni samaki, sihitaji kitu."

Wageni wakapiga makofi. Mjomba akainama, akamfunga Mwalimu kifungo cha kwanza. Cha pili. Akakaza mkanda.

Na Fundi alinyamaza.

Jambo hilo hakulificha baadaye, hata mbele ya hakimu. Alinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi kumi. Alikuwa amengoja miezi mitano. Akilini mwake alikuwa akipiga hesabu chafu: huenda boti lisipinduke leo. Huenda Mjomba akaanguka yeye, bila jaketi lolote. Huenda mambo yakaenda. Mwalimu alikuwa tayari ameingiza mguu mmoja ndani ya boti, ameshikwa mkono na mumewe, anacheka kwa woga kama mtoto. Alimgeukia Fundi akasema, "Mwenzangu, njoo ukae karibu nami. Nikizama unishike."

"Mvueni!" Fundi alipiga ukelele uliowarusha ndege kwenye majani. "Mvueni hilo jaketi!"

Fundi alimfikia Mwalimu, akamvuta hadi mchangani, akachomoa kisu chake cha kufumulia na kulichana jaketi la bluu kutoka begani hadi kiunoni. Vipande vya godoro vilimwagika miguuni mwao. Mume wa Mwalimu, mzee mnyamavu aliyekuwa akipiga picha asubuhi nzima, aliendelea kuielekeza simu yake pale.

Mjomba alitoa macho. "Hilo si langu! Langu si hilo!"

"Najua si lako. Lako limo mkobani mwangu, lina povu zima. Hili nimelishona mimi. Nilikushonea wewe." Fundi aliinua kipande cha godoro. "Na nimelijaza kilekile ulichomjazia mdogo wangu."

"Huyu mwanamke ni kichaa! Ni muuaji! Mnamsikia? Amekiri mwenyewe!"

"Nimekiri. Zamu yako."

Aliokota jaketi la chungwa kutoka kwenye lundo, akalichana. Godoro. La pili, godoro. La tatu lilikuwa na matambara na mifuko ya plastiki. Wageni waliokuwa wameshayavaa walianza kuyavua haraka, kana kwamba yana siafu. Fundi alichukua la nne, zima, akalitupa miguuni mwa Mjomba.

"Vaa. Ingia mtoni. Ukitoka ukiwa unaelea, nitapiga magoti hapa nikuombe radhi, kisha nitajipeleka polisi."

Mjomba alilitazama jaketi, akautazama mto. Wafanyakazi wake walikuwa wakimtazama yeye. Hakuinama kuliokota.

"Ruka, Mjomba," alisema Mwalimu. Sauti ilikuwa ile ya darasani. "Si umesema wewe ni samaki?"

Mjomba alichotaka ni kukinyakua kisu. Alipiga hatua mbili tu. Mtunza tembo alikuwa ameteremka na kusimama kati yao, fimbo ya kulabu mkononi, safari hii ameishika vizuri.

"Mguse," alisema, "nikuonyeshe inavyouma."

Basi akapiga simu. Ni Mjomba mwenyewe aliyewaita polisi, ili wamkamate mwanamke mwenye kisu. Walikuja maofisa wawili, na bahati yake mbaya ni kwamba mmoja alikuwa mgeni kituoni, hajajua bado nani ni rafiki ya nani. Aliyakuta magodoro yamezagaa ukingoni, wageni kumi na watatu wanaongea kwa mpigo, na mzee mmoja mwenye video ya dakika kumi na saba. Aliwachukua wote wawili, Fundi na Mjomba, kwenye gari moja. Walikaa wakitazamana njia nzima. Mjomba ndiye aliyeinamisha macho.

Fundi alilala mahabusu siku sita. Hakutaka wakili ampambe. Hakimu alipomuuliza kama alikusudia kuua, alijibu, "Ndiyo, mheshimiwa. Nilikusudia kumuua yeye. Halafu nikakaribia kumuua mwalimu asiye na kosa, nikiona." Alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Mwalimu alisafiri tena kuja kumtetea, akasema binti huyu amemwokoa, kisha nje ya mahakama akamkamata mkono na kumwambia taratibu, "Nilikuona ulivyonyamaza. Nimekusamehe, ila sitasahau." Fundi aliinamisha kichwa. Neno lile lilimuuma kuliko siku sita za sakafuni, na alijua analistahili.

Kesi ya Mjomba ilichukua muda zaidi. Fundi hakukosa hata kikao kimoja. Kila mara alikaa benchi la mbele, mahali ambapo mshtakiwa akiinua uso lazima akutane na uso wake, akamkodolea macho hadi jamaa yule mnene akawa anakuja amekonda. Mtunza tembo alisimama kizimbani akaeleza yote, ya mto na ya dawa ya viatu. Zikatokea na familia nyingine mbili, ambazo nazo ziliwahi kuandikiwa habari za utundu. Mwishowe Mjomba alikiri kwa mdomo wake kwamba kijana yule alikufa jaketi likiwa mwilini. Alifungwa miaka kumi na miwili. Tembo walihamishiwa ile kambi ya ng'ambo ya mto, ile ya kutazama kwa mbali, na mtunza tembo akaenda nao. Viti vya migongoni vilipasuliwa kuni.

Watu walidhani Fundi angetulia. Mama alimuuliza, siku aliporudi na nakala ya hukumu, "Sasa umeridhika?"

"Bado, Mama."

"Utaridhika lini?"

"Sijui. Labda sitaridhika."

Mama hakumlaumu. Alimchotea maji ya kuoga, akamwandalia nguo safi, akakaa naye hadi usingizi ulipomchukua.

Siku hizi watu wanaotaka kutalii nje hupitia karakanani, wengine hata hawana turubai la kushonewa. Fundi huwauliza maswali akiwa ameshikilia pini mdomoni. Hao tembo wanapandwa? Basi usiende. Umeambiwa utawaogesha? Usiende. Jaketi umelibana kwa mkono wako mwenyewe, au umeliona kwenye picha? Wengine humwona mkali. Hajali.

Na kuna jambo moja ambalo wateja hawalijui. Gereza la nchi ile humruhusu mfungwa kuomba kupunguziwa adhabu mara moja kwa mwaka, na ndugu wa marehemu wana haki ya kusikilizwa. Mwaka wa kwanza Mjomba alileta barua ya daktari. Fundi alikuwepo, akapinga. Mwaka wa pili alileta barua ya kiongozi wa dini. Fundi alikuwepo. Juzi simu iliita akiwa katikati ya mshono mrefu, ilikuwa sauti ya mtunza tembo.

"Ameomba tena. Safari hii anasema amebadilika."

"Kikao ni lini?"

"Jumatatu."

Fundi alikata uzi kwa meno, akalisukuma kando turubai la mtu.

"Niwekee nafasi kwenye benchi la mbele," alisema. "Nakuja."